Betri Hii Itafika Asubuhi? Hesabu ya Muda wa Betri kwa Nyumba, Mabanda na Zahanati za Singida

Mhadhara uliotolewa mjini Singida mbele ya walimu wa sayansi, mafundi wa umeme wa jua, wahudumu wa afya, madiwani na wanafunzi wa sekondari

Mada ya leo haitajwi sana majukwaani, ingawa inatugusa kila jua linapozama.

Nimekuja kujibu swali moja: betri hii itaendesha kifaa hiki kwa saa ngapi? Kusudi langu ni kwamba kila aliyeketi hapa aweze kupiga hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, kabla hajatoa fedha dukani na kabla hajatia saini mkataba wa kufungiwa sola. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao: muda wa betri haumo ndani ya betri peke yake. Unategemea betri, kifaa, kasi ya matumizi, joto la chumba na umri wa betri yenyewe, na vyote hivyo mwananchi wa kawaida anaweza kuvipima.

Kwa nini mada hii, na kwa nini hapa? Sensa ya 2022 ilitukuta watu zaidi ya milioni mbili katika mkoa huu. Laini kubwa ya umeme ya kilovolti 400 itokayo Iringa kwenda Shinyanga inapita kwetu, na tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika mahali ambapo wazee wetu hawakuzitarajia. Hata hivyo makazi yetu yametawanyika. Kutoka nguzo ya mwisho hadi boma la mfugaji kule Itigi, au hadi shamba la alizeti kule Mkalama, ni mwendo, na katika mwendo huo usiku unategemea betri. Sensa yenyewe ilifanywa kwa vishikwambi. Karani aliyepangiwa kitongoji cha mbali alibeba dodoso, na pamoja nalo swali letu la leo: nitahesabu kaya ngapi kabla chaji haijaisha?

Hoja ya kwanza: tuhesabu kwa wati-saa

Betri za gari na za sola huuzwa kwa ampea. Muuzaji atakuambia hii ni ya ampea mia, au atakutajia N70, N100, N200. Simu na pawabenki huuzwa kwa mAh. Namba hizo huwezi kuzilinganisha mpaka uzizidishe kwa volti. Ampea-saa 100 mara volti 12 ni wati-saa 1,200. Sasa ikumbukeni risiti ya LUKU: yuniti moja ya TANESCO ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo betri ile inayomtoa mtu jasho kuibeba, iliyonunuliwa kwa fedha za magunia ya alizeti, ikiwa mpya na imejaa kabisa, ina umeme wa yuniti moja na kidogo juu.

Naomba jambo hili likae vichwani. Wapo wanaoinunua wakitumaini itaendesha pasi. Pasi ya wati 1,000 ingeimaliza kwa saa moja na dakika chache, na kwa hakika isingefika hata hapo, kwa sababu nitakazozieleza. Betri hiyohiyo ikiwekewa taa ya LED ya wati 5 inaangaza usiku mwingi. Tofauti iko kwenye kifaa.

Aliye na pawabenki mkobani aitoe na aisome. Tuseme imeandikwa mAh 20,000. Namba hiyo imepimwa kwenye seli za ndani zenye volti 3.7, basi ina wati-saa 74. Umeme huo hupandishwa hadi volti 5 kabla ya kutoka, na katika kupandishwa kiasi hupotea kama joto. Zinatoka wati-saa 63 hivi. Simu yenye betri ya mAh 5,000 ina wati-saa 19, na nayo huhitaji kama 22 ili ijae, maana kuchaji pia kuna upotevu. Gawanyeni: mara tatu kasoro kidogo. Yule aliyegawa 20,000 kwa 5,000 akapata mara nne hudhani ameibiwa, kumbe hakuhesabu njia. Lakini wizi nao upo. Seli nzuri ya lithiamu hubeba takriban wati-saa 250 kwa kila kilo moja ya uzito wake. Pawabenki iliyoandikwa mAh 200,000 ingepaswa kuwa na uzito wa kilo tatu hivi. Ukiona inaingia mfuko wa shati, namba ile ni ya uongo.

Hoja ya pili: kifaa kina tabia zake

Kugawa wati-saa za betri kwa wati za kifaa kunatoa saa. Hapo ndipo wengi huishia, na ndipo makosa yanapoanzia, kwa kuwa wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa mara nyingi ni za juu kabisa. Hazisemi kifaa kinakula nini muda wote. Redio ikiwa na sauti ya chini hutumia kiasi kidogo cha kile kilichoandikwa. Simu nayo hubadilika kulingana na mahali. Ukiteremka Sekenke kuelekea bonde la Wembere ukaingia mahali mtandao unakwenda na kurudi, simu hupandisha nguvu ya kutafuta mnara, na chaji ambayo ingekaa siku nzima mjini Singida inaisha mchana. Ndiyo maana makadirio ya saa zilizobaki yanayoonyeshwa kwenye skrini hubadilika: simu inatazama ulivyotumia muda uliopita, haijui unakokwenda. Ukiwa safarini mahali kama pale, iweke katika hali ya ndege, uifungue unapotaka kuongea.

Tuchukue nyumba moja ya kijijini. Ina taa nne za wati 5, zinawaka saa 5: wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6: wati-saa 30. Simu mbili za kuchaji: tuziwekee 50. Televisheni ndogo ya volti 12 inayokula wati 25, saa 3 za jioni: wati-saa 75. Jumla ni 255. Nyumba hii inaishi vizuri na inatumia robo ya yuniti kwa siku.

Sasa mwenye nyumba anashawishiwa anunue inveta ili atumie televisheni ya umeme wa kawaida. Inveta nyingi, hata zisipoendesha chochote, hula zenyewe. Ikila wati 8 tu, na ikiachwa imewashwa mchana na usiku, ni wati-saa 192 kwa siku. Mdudu huyu anayenguruma pembeni ya ukuta anakula robo tatu ya kile ambacho familia nzima inakula! Mafundi wenzangu, naona mmoja wenu anatikisa kichwa kwa kukubali. Naamini ameikuta hali hii mara nyingi. Mwambieni mteja aizime inveta anapolala. Na palipo na taa na televisheni za volti 12, msimfungie inveta kabisa.

Hoja ya tatu: ukiichota kwa haraka, inatoa kidogo

Mwaka 1897 Mjerumani Wilhelm Peukert alionyesha kwamba betri ya madini ya risasi na asidi haitoi kiasi kilekile kwa kila kasi. Namba iliyoandikwa kwenye betri hiyo kwa kawaida imepimwa kwa kuimaliza taratibu, kwa saa 20. Ampea-saa 100 maana yake ni ampea 5 kwa saa 20. Usitegemee ampea 20 kwa saa 5.

Mfano ninaoupenda ni banda la mpira. Siku Singida Black Stars inacheza, kijiji kizima kipo bandani. Televisheni kubwa, king'amuzi na spika jumla wati 200. Ukiongeza upotevu wa inveta, betri ya ampea-saa 100 inatoa kama ampea 20. Hesabu ya haraka inasema saa 5. Ukiitumia kanuni ya Peukert, kwa betri ya kawaida ya aina hii, unapata saa 3 na dakika 45 hivi mpaka ikauke kabisa. Nami nitawaambia punde kwamba haifai ikauke: inatakiwa iishie nusu, yaani chini kidogo ya saa 2. Hapo umepata mechi moja, mapumziko na dakika za nyongeza. Mwenye banda anayepanga kuonyesha mechi mbili mfululizo kwa betri moja ya N100 anaiua betri yake mbele ya wateja wake.

Wazee wetu waliijua kanuni hii kwa vitendo kabla hatujawafundisha sisi. Betri kavu za tochi zikififia, hazikutupwa. Zilihamishiwa kwenye redio, zikaimba siku nyingine kadhaa, na zikishindwa redio zilikwenda kwenye saa ya ukutani. Tochi inataka mkondo mkubwa, redio mdogo, saa mdogo zaidi. Betri ileile imekwisha kwa mmoja na haijaisha kwa mwingine. Walizianika pia juani, na hilo lina maelezo: joto huharakisha kazi ya kemikali iliyozubaa ndani, likatoa kile kilichobaki. Halitii umeme mpya.

Tusiichukulie historia hiyo kama ya mchezo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania wapatao milioni mbili kupitia vikundi vya kusikiliza redio, na vijijini redio hizo ziliendeshwa na betri kavu. Kikundi kilichoishiwa betri kilikosa somo la kuchimba choo na la kuchemsha maji. Elimu ya afya ya taifa ilipita katika betri za duka la kijiji.

Hoja ya nne: si yote ni ya kula

Betri ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina udhaifu mmoja mkubwa: kukaushwa kunaiharibu. Kila inaposhuka sana na kuachwa bila chaji, fuwele ngumu hujengeka kwenye bamba zake na sehemu ya ujazo wake hairudi. Kaya iliyokula kihenge chote cha uwele mpaka mbegu haina cha kupanda Desemba. Betri ni hivyo. Mtumiaji mwenye busara hujihesabia nusu. Betri ya wati-saa 1,200 aiandike kwenye karatasi kuwa ya 600, na itampa mizunguko ya kujazwa na kutumika maradufu au zaidi ya ile ya anayeikausha kila usiku.

Turudi kwenye nyumba yetu ya wati-saa 255. Ukigawa 1,200 unapata siku karibu tano. Ukigawa 600 unapata siku mbili na ushee. Hesabu ya pili ndiyo ya kweli.

Hapa niseme neno kuhusu betri ya gari. Imetengenezwa itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache, iwashe injini, kisha ijazwe mara moja na jenereta ya gari. Bamba zake ni nyembamba. Kuifungia sola ili ikae ikitumika usiku kucha ni kuifanyisha kazi isiyo yake, na inakufa mapema. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma zinavumilia zaidi. Unaweza kutumia asilimia 80 ya ujazo wake na bado zikadumu miaka. Bei yake ya kununua ni kubwa. Gawa bei kwa idadi ya mizunguko utakayoipata kabla hujasema ni ghali.

Hoja ya tano: umri na joto, na namna ya kupima

Betri ya risasi inayokaa mahali pa joto huzeeka haraka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu. Isiwekwe juu karibu na bati. Baridi nayo, kama ile ya usiku wa Juni na Julai hapa kwetu pamoja na upepo wake, hupunguza kidogo kiasi inachotoa usiku ule, ingawa haiiui.

Kwa hiyo namba ya kwenye lebo ni ya siku ya kwanza. Baada ya hapo lazima upime, na kupima si kazi ngumu. Ijaze betri, iache ipumzike saa chache, upime volti: iliyojaa itasoma kama 12.7. Iwekee mzigo unaoujua, tuseme taa za jumla ya wati 60, kwa saa 6. Umetumia wati-saa 360. Zima, iache ipumzike tena, upime. Volti 12.4 ni karibu robo tatu, 12.2 ni karibu nusu, 12.0 ni robo. Betri nzima ya wati-saa 1,200 ingebakiwa na asilimia 70, isome zaidi kidogo ya 12.3. Ikisoma 12.2, maana yake zile 360 ndizo nusu yake, na betri unayoiita ya 1,200 sasa ni ya 720. Umejua ukweli kwa kipima-volti cha bei nafuu na jioni moja. Msipime wakati mzigo umewashwa wala jua likiwa linachaji, namba zitawadanganya.

Hoja ya sita: zahanati ihesabu kwa kurudi nyuma

Hii ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu. Nyumbani ukikosea hesabu unalala mapema. Zahanati ikikosea, mama anajifungua kwa mwanga wa simu ya muuguzi.

Kwa hiyo zahanati haiulizi betri hii itadumu muda gani. Inataja kwanza muda inaoutaka, kisha inatafuta betri. Chukueni chumba cha kujifungulia na korido: taa tatu za wati 10, usiku mzima wa saa 12: wati-saa 360. Simu ya zahanati na vifaa vidogo vya kuchaji: 60. Jumla 420 kwa usiku. Sasa tuulize, siku ngapi bila jua la kutosha? Singida tuna jua jingi, lakini kati ya Novemba na Aprili huja siku za mawingu mfululizo. Tuweke siku 3: wati-saa 1,260. Betri za risasi tunatumia nusu, basi tunahitaji 2,520. Na kwa kuwa betri huhesabiwa kuwa imechoka ikibakiwa na asilimia 80, tugawe kwa 0.8 ili mwaka wa mwisho wa betri ufanane na wa kwanza: 3,150. Kwa volti 12 ni ampea-saa 262. Zinunuliwe betri mbili za 150. Anayeleta moja ya N100 na kusema inatosha kwa sababu taa ni za LED, mwombeni awaonyeshe karatasi.

Paneli nayo ihesabiwe. Paneli ya wati 100 katika jua letu huweza kutoa kama wati-saa 350 kwa siku nzuri baada ya upotevu. Zahanati hii haitoshelezwi na moja. Mbili zitaijaza na kubakiza za kufidia siku za wingu.

Friji ya chanjo ni habari nyingine. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa miaka mingi friji za sola zilikufa kwa sababu betri zake zilikufa. Ulimwengu wa chanjo ukajifunza. Friji mpya zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani huunganishwa moja kwa moja na paneli na kuhifadhi ubaridi katika barafu, si umeme katika betri, na zinatakiwa zihimili angalau siku tatu bila jua. Palipo na friji ya namna hiyo, naomba mtu yeyote asichomeke chaja ya simu kwenye nyaya zake.

Tuendako

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo ambayo naona yanawezekana ndani ya bajeti tulizonazo.

Halmashauri zetu, kutoka Iramba hadi Manyoni, zisipokee mradi wowote wa sola usioandikwa namba tatu: wati-saa kwa siku, siku bila jua, na sehemu ya betri itakayotumika. Paneli zikiwa nyingi bila namba hizo, mradi haujakamilika. Kila zahanati iwe na daftari la betri, mtu mmoja wa kulijaza, na kipimo kila baada ya miezi sita. Vilabu vya sayansi vya sekondari vipewe kazi hiyo ya upimaji kwa zahanati iliyo jirani. Ni fizikia ya kidato cha pili na cha tatu, yenye faida ambayo mwanafunzi ataiona kwa macho. Mafundi, wekeni karatasi ya hesabu ndani ya kila boksi la kontrola ya chaji mnalofunga, mkiandika na tarehe ya betri, ili fundi atakayekuja baada yenu asianze kwa kubahatisha. Na betri iliyokufa isitupwe shambani wala kuchomwa kwa ajili ya risasi yake. Ni sumu kwa watoto. Irudishwe kwa muuzaji.

Walimu wa sayansi, naomba tusiondoke kabla hatujapanga ni shule zipi zitaanza, na kwa zahanati zipi. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani karibu na mlango.